Weka Mama Hapa

Miaka mitatu na ushei Bi Mkasi alikuwa ameishi nyumba moja na mtoto ambaye hajawahi kumwita kitu chochote. Si mama, si mama mdogo, si shangazi, hata "we fulani" hakuna. Na msidhani mtoto alikosa adabu. Adabu alikuwa nayo mpaka inakera. Akitaka kalamu anakuja mpaka karibu na meza, anakohoa kidogo, halafu anasema, "Samahani, naomba kalamu." Akiwa uani na mtu yuko jikoni, hapazi sauti ng'o, anatembea mpaka mlangoni, anachungulia, anasimama hapo mpaka aonekane. Kama unafikiri ni kazi rahisi kuishi na mtu bila kumwita, jaribu wewe siku moja tu uone. Huyu binti wa miaka kumi na miwili aliiweza kazi hiyo miaka mitatu, na hakuteleza hata mara moja.

"Mpe muda, mke wangu," mumewe alikuwa akisema. Mume ni fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, na kwake kila kitu kilichoganda kitayeyuka tu ukikichomoa kwenye umeme.

"Nimempa, Baba Kidoti. Nimempa muda mpaka wangu mwenyewe umeniishia."

Ona sasa. Mume ni Baba Kidoti, mtaa mzima unamwita hivyo, na Kidoti ndiye huyo binti, kwa sababu ya doti nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni. Lakini Mama Kidoti hakuwepo. Mwezi wa kwanza wa ndoa, muuza mboga alipita barazani akapaza sauti, "Mama Kidoti! Nyanya za leo usipime!" Mtoto alikuwa amekaa kizingitini anafunga kamba za viatu. Hata kichwa hakuinua. "Mama Kidoti alishafariki," alisema. "Huyu ni mke wa baba." Hakusema kwa ubaya, alisema kama anavyosema leo ni Jumanne. Muuza mboga alibaki na nyanya mkononi, na tangu siku ile mtaa ukamwita mwanamke yule Bi Mkasi, jina alilokuja nalo kutoka kazini.

Jina hilo hakulichukia. Lakini, tuseme ukweli, lilimuuma. Alitaka mtoto yule amwite kitu. Hata shangazi angelipokea kwa mikono miwili na kulishukuru.

Kazi yake ilikuwa mezani pale sebuleni, karibu na dirisha. Zamani studio moja ya picha ilimwajiri kukata picha za watu na kuzibandika kwenye albamu, moja moja, kwa gundi na subira, na ndipo alipoitwa Bi Mkasi. Siku hizi mkasi uko kabatini unaota kutu. Anafungua kompyuta, anafungua programu ya kuhariri picha, anatengeneza violezo. Kiolezo, kwa asiyejua, ni ukurasa wa albamu uliokwisha kupambwa ila bado hauna watu. Karatasi ya nyuma ipo, imepewa sura ya karatasi kuukuu iliyowahi kukunjwa. Utepe upo. Vifungo vya shati vipo kwenye kona, na kipande cha mkanda wa gundi kimekaa upandeupande makusudi. Katikati kuna visanduku vya kijivu vilivyoandikwa WEKA PICHA HAPA. Mteja akileta picha zake, studio wanazitumbukiza kwenye visanduku, wanachapa, basi. Anayeuona ukurasa ule anaapa kwamba kuna mtu amekaa wiki nzima na chupa ya gundi.

Jumatatu hiyo akapigiwa simu na Mkubwa wa studio, bwana ambaye kwenye simu huongea kama vile mwenzake yuko ng'ambo ya mto.

"Bi Mkasi! Nimepata shule! Darasa la mwisho, watoto arobaini na wawili, kila mmoja ukurasa wake wa familia! Nataka kiolezo safi, na mfano mmoja uliojazwa, waone mambo yetu!"

"Shule gani?"

Mkubwa akaitaja. Ilikuwa shule ya Kidoti, na darasa la Kidoti.

"Si una mtoto palepale? Basi mfano fanya kwa picha za nyumbani kwako. Ijumaa saa sita mchana uwe umenifikia!"

Akaanza kazi siku ileile. Maneno ya visanduku Mkubwa mwenyewe ndiye aliyeyachagua: WEKA MIMI HAPA, WEKA BABA HAPA, WEKA MAMA HAPA. Bi Mkasi alicheka peke yake. Weka mimi hapa, kama mtu anayejipanga kabatini! Akatia picha ya Kidoti aliyevaa sare, akatia ya baba aliyepiga magoti mbele ya jokofu lililofunguliwa, skrubu mbili mdomoni. Alipofika kwenye kisanduku cha mama, mkono ukasimama juu ya kipanya.

Si kwamba alikuwa na shaka. Mama wa Kidoti ni mmoja na anajulikana. Lakini picha zake zilikuwa ndani ya bahasha chini ya godoro la mtoto, zimefungwa kwa mpira, na bahasha ile Bi Mkasi alikuwa akiinyanyua kila anapotandika na kuirudisha ilipokuwa, bila kuifungua hata siku moja.

Jioni akajikaza. "Kidoti, shule yenu inatengeneza albamu. Nahitaji picha ya mama yako. Moja tu, nakurudishia papo hapo."

Mtoto akatazama skrini. Akatazama kisanduku cha kijivu kwa muda mrefu.

"Nitachagua mwenyewe."

"Sawa. Ila kabla ya Ijumaa."

Jumanne picha haikuja. Alichokuja nacho Kidoti ni kiti. Alikiburuta kutoka jikoni, akakiweka hatua mbili kutoka mezani, akakaa kimya kama abiria. Baada ya nusu saa akakohoa.

"Samahani. Kwa nini utepe una kivuli?"

"Ili uonekane umelala juu ya karatasi. Bila kivuli unaonekana umechorwa. Tazama." Akakitoa kivuli, utepe ukafa. Akakirudisha, ukafufuka.

"Eh!" mtoto alisema, na kiti kikasogea hatua moja.

Jumatano akashika kipanya. Wacha niseme tu kwamba alikuwa na mkono mwepesi. Alichokaa Bi Mkasi kujifunza miezi, yeye alikidaka kwa alasiri moja. Akaonyeshwa leya. Leya ni kama karatasi za plastiki angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Moja ina utepe, moja ina kifungo, moja ina picha, na ukitazama kutoka juu unaona ukurasa mmoja. Pembeni mwa skrini kuna orodha yake, kila leya na jina lake.

"Na hapa ndipo watu wanapoharibu," Bi Mkasi alisema, akageuka kuwa mwalimu kabisa, kidole juu. "Kila leya ipe jina. Usipoipa, programu inaipa yenyewe, Leya ya 1, Leya ya 2. Ukinakili kitu, inakuongezea neno 'nakala' mwishoni mwa jina. Ukinakili tena, nakala nyingine. Studio tulikuwa na kijana mmoja mvivu wa kuandika, faili lake limejaa Leya ya 9 nakala nakala nakala. Siku ya siku akahamisha asiyoijua. Bibi harusi akafungua albamu yake, bwana harusi aliyemshika mkono ni wa harusi nyingine!"

Kidoti akacheka. Alicheka mpaka akainamisha kichwa mezani, na Bi Mkasi akacheka kwa kumwona anavyocheka, maana kwenye meza ile hakuwahi.

"Na kingine. Leya mbili zisiwe na jina moja. Programu haitakukataza, lakini utachanganya. Utavuta hii ukidhani ni ile."

"Kumbe ni kama watu," mtoto alisema huku anafuta machozi ya kicheko. "Lazima kila mtu awe na jina."

Ah! Neno lilimfika Bi Mkasi. Na mimi je? Ndivyo alivyotaka kusema. Na mimi je, mtoto wangu? Badala yake akasema, "Haya, sasa jaribu kuzungusha kifungo."

Alhamisi asubuhi, mtoto akiwa shuleni, Mkubwa akapiga. Anataka kuona rangi. Rangi tu! Atume chochote alichonacho, kiwe kimekamilika, kisiwe. Bi Mkasi akaona ah, kuona rangi kuna dhambi gani. Akatuma faili kama lilivyokuwa, Kidoti na sare yake, baba na skrubu zake, na pale pa mama kisanduku cha kijivu.

Rangi zilimpendeza Mkubwa kupita kiasi. Kwa furaha yake akauchapa ukurasa kwenye ile mashine kubwa, upana wa meza, akampa dereva wake aupeleke shule moja kwa moja. Na mwalimu, naye kwa furaha yake, akaubandika ubaoni.

Kidoti alirudi saa nane. Mlango haukufunguliwa, ulibamizwa. Mkoba ukatua katikati ya sebule.

"Umeniandika!"

"Nimekuandika nini tena?"

"Ubaoni! Kubwa hivi! WEKA MAMA HAPA! Darasa zima limesoma!" Machozi yalikuwa yanamwagika bila hata kupanguswa. "Wananiimbia! 'Kidoti, weka mama hapa! Kidoti, umemweka wapi?' Mpaka mlinzi wa getini ameniuliza!"

Mdomo wa Bi Mkasi ukafunguka kusema ni Mkubwa, si mimi, mimi nilituma rangi tu. Maneno yalikuwa tayari kabisa kwenye ulimi. Akayazuia.

"Kosa ni langu," alisema. "Faili nimetuma mimi, na nilijua lina nafasi tupu. Nisamehe, Kidoti."

Mtoto alimkodolea macho. Pengine hakuwahi kuombwa msamaha na mtu mzima, wengi hatujawahi. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Bi Mkasi akachukua simu. Miaka kumi na moja ya kufanya kazi na Mkubwa hajawahi kumpandishia sauti, lakini siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa ng'ambo ya mto. "Karatasi ile utaishusha sasa hivi! Usimtume dereva! Utaishusha wewe, kwa mikono yako, na uichane mbele ya darasa zima, useme studio imekosea!" Upande wa pili ikasikika sauti ndogo ambayo hajui Mkubwa aliitoa wapi: "Naenda, Bi Mkasi. Nachukua ufunguo wa gari." Na alikwenda kweli, ikathibitika baadaye, maana darasa lilikuwa na masomo ya ziada, akawakuta wote isipokuwa Kidoti aliyeyakimbia.

Saa kumi mlango wa chumba ukafunguka. Kidoti alikuwa amenawa uso. Mkono mmoja bahasha, mkono wa pili simu ya zamani ya baba yake. Akakohoa.

"Samahani. Naomba kiti."

Kiti cha jikoni kilikuwa palepale. Alimaanisha kile kingine, cha mbele ya kompyuta. Bi Mkasi akanyanyuka bila kuuliza, akaenda jikoni, akaanza kumenya viazi ili mikono iwe na shughuli. Kipanya kilikuwa kinalia, ka, ka-ka, kisha kimya, kisha ka. Alitega sikio mpaka shingo ikauma. Mumewe aliporudi kazini akamkuta na sufuria iliyofurika.

"Tuna wageni?"

"Hakuna mgeni. Nyamaza umenye."

Fundi wa majokofu akaangalia mlango wa sebuleni, akamwangalia mkewe, akachukua kisu.

"Nimemaliza," hatimaye Kidoti alisema mlangoni, akapita zake kwenda uani kuanua nguo.

Bi Mkasi akapangusa mikono, akakaa. Kwa mazoea hakutazama ukurasa kwanza, alitazama orodha ya leya kutoka chini kwenda juu, kama anavyokagua kazi ya mtu yeyote. *Karatasi. Utepe mrefu. Utepe mfupi. Kifungo cheupe. Baba na friji. Mimi.* Safi. Mtoto ameshika somo. Kisha *mama*. Akainua macho. Kwenye kisanduku kulikuwa na mwanamke mwembamba amesimama kando ya tangi la maji, sketi imelowa, anacheka na aliyempiga picha. Ilikuwa picha ya picha, iliyopigwa kwa simu, kona moja imepinda kidogo. Mwanamke alikuwa na shavu la Kidoti, bila doti.

"Karibu," Bi Mkasi alimwambia, kwa sauti kabisa.

Ndipo alipogundua kisanduku kimesogezwa kushoto. Kilikuwa kimepunguzwa upana, na pembeni yake kulikuwa na kingine, ukubwa uleule, urefu uleule, kivuli kilekile. Ndani yake alikuwamo yeye. Picha ya ubavuni, mbele ya meza hiihii, nywele hazijachanwa, miwani juu ya paji la uso, penseli sikioni, mdomo wazi anafundisha kitu. Ilipigwa lini? Jumatano ile, lazima. Loh, ilikuwa mbaya, mume asingethubutu kumwonyesha mtu.

Akashusha macho kwenye orodha, ajue leya hii imeitwaje.

*mama nakala.*

Ilimchoma. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani kwamba neno lile huandikwa na programu, yeye ndiye aliyefundisha hivyo jana, kidole juu. Ilimchoma hata hivyo. Nakala. Ile inayotengenezwa ya kwanza ikiwa ipo lakini haitoshi, au haipo. Akakaa nalo lile neno. Baadaye akajiambia, acha ujinga, mama. Miaka mitatu hukuwa na mahali, leo uko ndani ya ukurasa, na penseli yako sikioni. Nakala na iwe nakala. Akaamua hataligusa.

Kidoti akaingia na nguo mpaka kidevuni. Akaona mshale wa kipanya ulipo.

"Hilo si mimi!"

"Lipi?"

"Hilo neno! Imeandika yenyewe! Mimi nilinakili kisanduku tu ili viwe sawa. Visizidiane."

"Najua, Kidoti. Kompyuta ndivyo ilivyo. Si kitu."

"Ni kitu."

Akazitupa nguo chini, nguo safi, sakafuni, na siku hiyo hakuna aliyeuliza. Akainama mbele ya Bi Mkasi, akashika kipanya, akabonyeza mara mbili juu ya jina, kisha akafuta kwa herufi moja moja: a, l, a, k, a, n. Akafuta na ile nafasi iliyobaki mwishoni, kama alivyofundishwa. Juu ikasomeka *mama*. Chini yake ikasomeka *mama*.

Bi Mkasi alijaribu kusema kitu cha kazi, maana cha kazi ndicho pekee alichoweza. "Lakini leya mbili..."

"Ulisema mtu atachanganya."

"Nilisema."

"Mimi sichanganyi," Kidoti alisema, akaanza kuokota nguo.

Ijumaa asubuhi faili likaenda. Kabla hata chai haijapoa simu ikalia, na Mkubwa alikuwa amepona, amerudi ng'ambo yake ya mto. "Bi Mkasi! Kuna kosa! Mama wawili! Nifute yupi?"

"Ukimgusa hata mmoja, mimi na wewe basi."

"Haya, haya! Simgusi! Na kiolezo cha hao wengine je?"

Bi Mkasi akamtazama Kidoti, aliyekuwa mezani anakunywa chai. Mtoto akajibu mkate ukiwa mdomoni: "Aviache viwili. Asiyehitaji atafuta."

Vikaachwa viwili. Kati ya watoto arobaini na wawili, tisa hawakufuta. Wengine walimweka bibi, wengine shangazi, mmoja dada yake mkubwa aliyemlea, na mmoja, mvulana mwenye kelele kuliko wote siku ile ya ubaoni, aliweka picha mbili za mama yuleyule kwa sababu, alisema, moja haimtoshi.

Kwa mdomo ilichukua wiki nyingine tano, na nisikudanganye kwamba ilikuja kwa shangwe. Ilikuja kwa sababu ya kandambili. Bi Mkasi alikuwa mezani, Kidoti uani, anachelewa, anapekua kila kona. Safari hii hakutembea mpaka mlangoni, wala hakukohoa. Alipaza sauti kutoka kulekule, mpaka muuza mboga barabarani akageuka.

"Mama! Umeona kandambili yangu?"

"Iko chini ya meza," Bi Mkasi alijibu, kwa sauti ya kila siku kabisa, akaisukuma kwa mguu itokee. Kisha akaenda bafuni, akafungulia bomba mpaka mwisho, akalia humo hadi maji yakajaa ndoo.